Kennedy hakushinda kwa mkwara: jibu kwa msomaji anayesema adui haelewi mazungumzo

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Mimi naona haya mazungumzo ya wakubwa ni kupoteza muda tu. Mwaka 1962 Rais Kennedy wa Marekani alipanga meli zake baharini, Khrushchev, mkubwa wa Urusi ya Kisovieti, akanywea, akabeba makombora yake kutoka Cuba akaondoka. Mwalimu naye alimpiga Amin, mambo yakaisha. Sasa hawa wa leo wakiwa na Iran au Urusi kila siku wako Geneva, Vienna, Muscat, wanapata nini? Si wawabane kijeshi tu mpaka wasalimu amri? Na kwenye ile ya 1962, hivi Cuba wenyewe waliambulia nini?"

Marahaba kijana wangu. Nimelipenda swali lako kwa sababu mfano ulioanza nao ndio huo huo anaouleta kila mtu anayetaka vita, na ni mfano uliosimuliwa nusu nusu kwa zaidi ya miaka 25, tena kwa makusudi. Nusu uliyosikia wewe ndiyo waliyotaka dunia isikie. Nusu ya pili ilifichwa hata kwa Makamu wa Rais wa Marekani mwenyewe, na huko mbele nitakuonyesha ilivyomponza. Kwa hiyo nitakaa sana hapo, Amin na Iran tutawapitia, halafu nimalizie na Cuba yenyewe kama ulivyouliza.

Haya. Tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya upelelezi aina ya U-2 ilipita juu ya magharibi mwa Cuba ikapiga picha, na tarehe 16 asubuhi Kennedy akaambiwa: Wasovieti wanajenga vituo vya makombora ya nyuklia, R-12, yanayofika kama kilomita 2,000, maana yake Washington imo ndani. Watu wengi stori wanaianzia hapo, kama vile Khrushchev aliamka siku moja tu akaamua kuchokoza. Kumbe Aprili 1961 Marekani ilishawapeleka Wacuba wa uhamishoni kama 1,400 kuivamia Cuba pale Ghuba ya Nguruwe, wakachapwa. Na kule Uturuki Marekani ilishapanga makombora yake 15 ya Jupiter, Italia mengine 30, yote ya nyuklia, yote yanaifikia Urusi. Yaani Khrushchev naye alikuwa anajibu presha kwa presha. Kila upande unajiona unajilinda, mchokozi ni yule mwingine.

Tarehe 19 Kennedy akakaa na wakuu wa majeshi, na kikao kile kilirekodiwa kisirisiri, ndio maana leo tunajua nani alisema nini. Jenerali Curtis LeMay wa jeshi la anga hakumung'unya maneno, alimwambia rais wake usoni kwamba kutopiga sasa hivi ni karibu sawa na ile aibu ya Munich, yaani 1938 Uingereza na Ufaransa zilipomkatia Hitler kipande cha Czechoslovakia ili zipate amani. Na baba yake Kennedy ndiye alikuwa balozi wa Marekani London wakati ule, na alikuwa upande wa kumbembeleza Hitler, kwa hiyo hilo tusi lilikuwa la nyumbani kabisa! Ushauri wa majenerali ulikuwa ndege zipige, halafu jeshi lishuke Cuba. Ushauri wako wewe, kwa kifupi.

Sasa sikia walichokuwa hawakijui hao majenerali. Ujasusi wao ulikadiria Wasovieti walioko kisiwani ni elfu kumi na kitu. Walikuwa zaidi ya 40,000. Na mbali na yale makombora makubwa yaliyoonekana kwenye picha, kulikuwa na silaha ndogo za nyuklia za uwanja wa vita, za kulipigia jeshi linaloshuka ufukweni. Wamarekani walikuja kulijua hilo sawasawa Januari 1992, kwenye mkutano wa Havana, jenerali mmoja wa Kisovieti aliyehusika na operesheni ile, Anatoly Gribkov, aliposema wazi wazi huku Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa Kennedy, amekaa pale pale anasikiliza. Miaka 30 baadaye! Yaani wangevamia Oktoba ile wakijua wanaenda kupigana na kajeshi ka Castro, kiongozi wa Cuba, na Warusi wachache, wangekutana na nyuklia mchangani.

Kennedy akachagua kuzuia meli, akaiita karantini kwa sababu kuizingira nchi nyingine baharini, ukikuita kwa jina lake halisi, ni kitendo cha vita. Ikaanza kazi tarehe 24. Hapo ndipo stori yako ya kutunishiana misuli ilipozaliwa, meli za Kirusi zinakuja, za Kimarekani zimesimama, Mrusi anageuza dakika ya mwisho. Ukweli ni kwamba Khrushchev alishatoa amri meli zenye silaha zirudi kabla, na siku ile zilikuwa mamia ya kilomita kutoka kwenye mstari, hakukuwa na wa kumtumbulia mwenzake macho. Meli ya kwanza kupandwa na kukaguliwa, tarehe 26, ilikuwa Marucla, ya Lebanon, iliyokodiwa na Wasovieti, na ilichaguliwa makusudi kwa sababu si ya Kirusi, ili kazi ifanyike bila kumtia Khrushchev aibu. Hilo la Marucla watu wanalipita haraka ila mimi naliona kubwa. Hata katikati ya mkwara, Kennedy alikuwa anapima asimkanyage mwenzake usoni.

Siwezi kukwambia presha haikusaidia, nitakuwa nakudanganya. Khrushchev aliiona, aliogopa, na tarehe 26 akaandika barua ndefu yenye joto, akisema pande mbili zimeshika kamba yenye fundo la vita na kila zikivuta fundo linazidi kukaza mpaka aliyelifunga mwenyewe atashindwa kulifungua. Barua hiyo isingeandikwa bila meli na ndege zilizokuwa zinajikusanya Florida. Mpaka hapo tuko pamoja wewe na mimi.

Tatizo ni siku iliyofuata. Jumamosi tarehe 27 Oktoba. Asubuhi U-2 ya Marekani inadunguliwa juu ya Cuba, rubani Meja Rudolf Anderson anakufa, na waliotoa amri ni maofisa wa Kisovieti walioko kisiwani, Moscow haikuulizwa. Siku hiyo hiyo U-2 nyingine inapotea njia kaskazini huko na kuingia anga la Urusi yenyewe, ndege za kivita za pande zote mbili zinaruka. Na chini ya bahari kuna nyambizi B-59 ya Kisovieti, ina torpido moja ya nyuklia, betri zimekwisha, hewa mbaya, joto watu wanazimia, mawasiliano na Moscow hakuna, na juu yao meli za Kimarekani zinadondosha mabomu madogo ya mazoezi ya kuwalazimisha wapande juu. Wale ndani wanajuaje kama ni ya mazoezi? Kwa simulizi za waliokuwemo, kapteni Savitsky alifura akataka torpido iandaliwe, akatulizwa, na anayetajwa zaidi kumtuliza ni Vasili Arkhipov, ofisa mwenzake aliyekuwemo kwa bahati tu kwenye chombo kile. Wakapanda juu.

Kennedy hakuamuru lolote kati ya hayo matatu. Khrushchev pia hakuamuru. Hii ndiyo sehemu ambayo wapenda mkwara hawaihesabu: wewe unadhani presha ni kama bomba la maji, unafungua kidogo, unaongeza, ukitaka unafunga. Kumbe kadiri unavyoongeza, maamuzi yanashuka kutoka kwa rais kwenda kwa kanali wa mtambo wa kudungulia ndege, kapteni aliyechoka, rubani aliyepotea. Nimesoma mengi kuhusu siku ile moja na sijaona mahali mtu anaweza kusema kwa uhakika "hapa palikuwa chini ya udhibiti".

Jioni hiyo hiyo ndio lile dili. Robert Kennedy, mdogo wake rais na mwanasheria mkuu, akamwita balozi wa Kisovieti Anatoly Dobrynin ofisini kwake wizara ya sheria. Akamwambia: ondoeni makombora, sisi tutatangaza kwamba hatutaivamia Cuba. Dobrynin akauliza, na Uturuki je? Jibu likawa, kama hicho ndicho kikwazo basi Jupiter zitaondoka, tupeni miezi minne mitano hivi, ila hili haliwezi kutangazwa wala kuandikwa popote. Tarehe 28 Khrushchev akatangaza kupitia Redio Moscow, hakusubiri hata njia za kawaida za kibalozi, alivyokuwa na haraka. Wanahistoria bado wanabishana kama alishaamua kukubali ile ahadi ya kutovamia hata kabla telegramu ya Dobrynin haijamfikia, na mimi naona alikuwa ameshaelekea huko. Lakini Kennedy alikuwa tayari kulipa, hilo halina ubishi. Siku chache baadaye Wasovieti walipojaribu kuliweka la Uturuki kwenye barua, Robert Kennedy aliirudisha barua yao. Kufikia mwisho wa Aprili 1963 Jupiter zimeshaondoka Uturuki, kimya kimya, kwa kisingizio kwamba zimezeeka. Kuzeeka kweli zilikuwa zimezeeka, siri nzuri huwa hivyo.

Kwa hiyo Mrusi hakunywea bure kijana wangu. Alilipwa, ila alilipwa gizani, na malipo ya gizani yana ubaya wake: wote waliobaki nje wanajifunza somo la uongo.

Angalia Adlai Stevenson, balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa. Yeye kwenye vikao vya ndani alithubutu kusema mapema kwamba tubadilishane, Uturuki kwa Cuba. Desemba mwaka ule ule gazeti moja kubwa likamwandika kwamba alitaka Munich nyingine, na aliyepitia makala ile kabla haijachapwa ni Kennedy mwenyewe! Mtu anaitwa mwoga kwa kupendekeza kitu ambacho bosi wake alishakifanya. Siasa bwana.

Lakini Stevenson alipoteza heshima tu. Mwenye hasara kubwa ni Lyndon Johnson. Kile kikao kidogo cha jioni ya tarehe 27 kilichokubaliana ujumbe wa Robert Kennedy kilikuwa cha watu tisa hivi, na Johnson, Makamu wa Rais, hakuwemo wala hakuambiwa baadaye. Novemba 1963 Kennedy anauawa, Johnson anaingia Ikulu akiamini kwamba Wakomunisti walirudi nyuma Cuba kwa sababu walibanwa, nukta. Machi 1965 anaanza kuipiga mabomu Vietnam Kaskazini, pole pole, anapandisha kidogo kidogo akitegemea wataomba suluhu. Waliendelea hadi mwishoni mwa 1968. Hanoi, yaani serikali ya Vietnam Kaskazini, hawakuomba kitu. Sisemi siri ile peke yake ndiyo ilileta vita ya Vietnam, vita hiyo ina mizizi mingi, ila mtu aliyekuwa anajua bei halisi iliyolipwa 1962 angejiuliza: Hanoi nawapa nini ili wakubali? Kwenye mabomu hakukuwa na jibu la swali hilo. Na hili la Uturuki lilikuja kuwekwa wazi bila kupindisha Januari 1989 huko Moscow, Ted Sorensen, mwandishi wa hotuba za Kennedy, alipokiri kwamba kwenye kumbukumbu za Robert Kennedy alizozihariri yeye, kipande hicho alikikata.

Tuje kwa Mwalimu na Amin, maana najua hapo ndipo damu inapochemka. Kwanza watu wanasahau 1972. Septemba mwaka ule wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, waliingia Uganda kutokea kwetu wakashindwa, Amin akajibu kwa kupiga mabomu Bukoba na Mwanza, na ikaisha kwa mkataba wa Mogadishu Oktoba 1972, Siad Barre wa Somalia akiwa mpatanishi, majeshi yakarudi nyuma kilomita 10 kila upande. Mwalimu alimdharau Amin hadi mwisho lakini aliukubali mkataba ule, na tukakaa miaka sita bila vita kamili. Kwa hiyo hata mfano wako wa kijeshi una mkataba ndani yake. Halafu Oktoba 1978 Amin anaivamia Kagera, anatangaza kwamba ni mali ya Uganda, daraja la Kyaka linavunjwa, raia wanauawa. Hapo Mwalimu akasema ile ya uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na alipoletewa wapatanishi alikataa kukaa mezani na mtu aliyeketi kwenye ardhi yake huku OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikigoma hata kumlaani. Mimi naona alikuwa sahihi. Adui yuko ndani ya nyumba, hana nyuklia, jeshi lake linayumba, na unachomdai si jambo la kugawana nusu kwa nusu.

Ila hayo ni mazingira adimu, huwezi kuyabeba ukayapeleka Moscow au Tehran. Na hata yenyewe yalikuwa na bili. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, baadaye Mwalimu akatuomba tufunge mkanda miezi 18, na wazee wako watakwambia ile miezi 18 ilikuwa mirefu kiasi gani, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Uchumi ulikuwa na maradhi mengine pia, mafuta, ukame, kufa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, ila vita ilitia chumvi kwenye kidonda.

Iran nitaenda haraka kwa sababu mambo bado yanachemka. Umetaja Muscat kama mahali pa kupiga soga, sasa wasomaji wetu wa Oman, na wapo wengi wenye asili ya Unguja wanaotusoma kwa Kiswahili, wanajua kwamba ni pale pale Muscat, kwa mkono wa Sultan Qaboos wa Oman, Wamarekani na Wairani walianza kuonana kwa siri, hadi ukazaliwa mkataba wa Vienna tarehe 14 Julai 2015. Iran ikakubali kurutubisha urani, yaani kuiongezea nguvu iwe mafuta ya nyuklia au, ikipanda sana, bomu, isizidi asilimia 3.67 na akiba isizidi kilo 300, wakaguzi ndani, ili ifunguliwe vikwazo. Mei 2018 Trump akajitoa akisema presha ya juu kabisa italeta mkataba bora zaidi. Mwaka uliofuata Iran ikaanza kuvuka mipaka ile, na Aprili 2021 ikaanza kurutubisha hadi asilimia 60. Yaani ilibanwa zaidi ikasogea zaidi. 2025 wakarudi tena kuongea, Oman tena katikati, raundi ya sita ilipangwa Juni 15 Muscat, na Juni 13 Israel ikashambulia, Juni 22 Marekani nayo ikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan. Majengo unaweza kuyapiga. Ujuzi ulioko kwenye vichwa vya mafundi haupigiki, na mkaguzi akishatolewa nje unabaki kukisia.

Lakini na mimi nisijifanye mtu wa njiwa na matawi, maana wapo wanaoamini karatasi peke yake inatosha, na hao nao hatari. Desemba 1994 kule Budapest Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki kwake baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, ikapewa ahadi iliyosainiwa na Urusi, Marekani na Uingereza kwamba mipaka yake itaheshimiwa. 2014 Crimea ikachukuliwa, 2022 ikaja vita kamili. Ahadi ile haikuwa na meno, hakuna aliyejifunga kupigana ikivunjwa. Kwa hiyo ukiniuliza kama meli za Kennedy zilikuwa za lazima mwaka 1962, nitakujibu ndiyo. Ila zilikuwa za kumfikisha mtu mezani, na mezani alikuta kitu cha kupokea. Ukisikia waziri yeyote anatangaza kuongeza presha, mtafute kwenye hotuba hiyo hiyo sentensi inayosema mwenzake akikubali atapata nini. Ikikosekana, basi yuko 1965, hayuko 1962.

Sasa Cuba. Castro hakuulizwa na mtu. Alijua kama walivyojua watu wengine, kupitia matangazo, na alikasirika vibaya, siku ile ile akatoa madai yake matano: vikwazo viondolewe, hujuma zikome, mashambulizi ya majahazi ya wahamishwa yakome, ndege za upelelezi zisipite tena, na Guantánamo, kambi ya kijeshi ya Marekani iliyo ndani ya Cuba, irudishwe. Hakupata hata moja. U Thant, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaenda Havana kuomba wakaguzi waruhusiwe kuingia, Castro akagoma, kwa hiyo makombora yakakaguliwa baharini, mabaharia wa Kisovieti wanafunua maturubai juu ya sitaha ili ndege za Kimarekani zipige picha. Khrushchev akamtuma Anastas Mikoyan kumbembeleza Castro, mzee wa watu akiwa Havana akapata habari mke wake amefariki Moscow, na bado akabaki wiki kadhaa akibishana, maana kulikuwa na zile silaha ndogo za nyuklia ambazo Wamarekani hawakuzijua, Castro alitaka zibaki, Mikoyan akazikatalia na zenyewe zikarudi Urusi.

Kwa kuwa ukaguzi wa nchi kavu haukufanyika, Marekani ikasema ile ahadi ya kutovamia haijakamilika kisheria, ikaiacha hivyo hivyo inaning'inia. Uvamizi haukuja tena, hilo Cuba walilipata. Vikwazo vilivyowekwa Februari 1962, miezi minane kabla ya hayo yote, bado vipo, na Guantánamo bado iko mikononi mwa Marekani.